Sifael Aliona Kope Zake

Ndugu zangu wa milimani na wa tambarare, sogeeni niwasimulie yaliyoikuta nyumba ya Sifael. Na atakayejiona humu ndani asinikasirikie mimi.

Ilikuwa asubuhi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji kizima, katika kijiji kimoja cha Upare kwenye miinuko ya juu ya Hedaru. Baragumu lilikuwa limelia, na kila nyumba ilikuwa imetoa watu wake kwenda kuzoa tope la ndiva. Kwa msioijua, ndiva ni bwawa la kukinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Wanaume walichimba kwa makoleo, akina mama na watoto wakabeba tope kwa karai, miguu mitupu, huku wakiimba na kutaniana. Ukingoni alisimama Sifael, mgawa maji wa kijiji, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mkewe Raheli alikuwa ndani ya maji pamoja na binti yao wa pekee, Beatha, mwanafunzi wa kidato cha pili, wakirushiana tope na kucheka. Sifael aliwatazama, kisha akalitazama shamba lake la tangawizi lililostawi kule chini ya mfereji, akajiona hana anachodai duniani.

Jioni ile ile Raheli alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba Beatha anakojoa damu.

"Si ya mwezi?" Sifael aliuliza.

"Si ya mwezi. Na haikuanza leo, mtoto alikuwa anaona aibu kusema."

Sifael akacheka. "Mimi nilikojoa damu nikiwa kijana. Baba akaniambia nimeshakuwa mwanamume. Si mimi huyu hapa, nalima?"

"Beatha si mvulana, Baba Beatha."

"Basi itapita kama ilivyopita yangu."

Niwaambie kitu kingine kuhusu Sifael. Beatha alipokuwa shule ya msingi, vidonge vya kichocho vilipoletwa shuleni, alimzuia nyumbani siku hiyo. Alisema mtoto wake hana ugonjwa, na vidonge vya bure vina mambo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote, isipokuwa labda jina lake la mgawa maji.

Mwaka huo shule ya kata ilipata hadubini moja, na mwalimu wa baiolojia, Madam Honorata, hakutaka ikae kabatini ikipata vumbi. Kila mwanafunzi aliigusa. Mara ya kwanza Beatha aliteremsha lenzi huku jicho likiwa juu, akapasua kioo chembamba chenye ngozi ya kitunguu, darasa zima likamcheka. Alilia kidogo, halafu akarudi kwenye foleni. Alijifunza kuanza na lenzi ndogo, kuteremsha huku akichungulia kwa pembeni, kisha kuipandisha taratibu mpaka picha itulie. Baada ya muda wenzake walikuwa wakimwita fundi.

Siku moja alileta konokono wa ndiva kwenye chupa. Mwalimu aliwaweka juani, kisha akaweka tone la maji yao chini ya lenzi. Beatha aliona vidudu vyenye mkia uliogawanyika mara mbili, vikihangaika. Madam Honorata akaeleza kwamba hao ndio wanaopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na kumletea kichocho. Darasa lilipotoka, Beatha alibaki, akamwambia mwalimu habari ya damu.

"Nenda hospitali upimwe," mwalimu alimwambia. "Dawa yake ni vidonge vya kumeza. Mwambie baba yako."

"Baba hatakubali, Madam. Akikubali, atakuwa amesema ndiva ina ugonjwa."

Basi wakakubaliana kwamba mzee aone kwa macho yake. Siku ya mkutano wa wazazi, hadubini iliwekwa juu ya meza, tone la maji ya konokono wa ndiva likiwa chini ya lenzi, na Beatha akamshika baba yake mkono kumpeleka mbele. Sifael aliinama kwa fahari, akabana jicho kwenye lenzi. Wazazi wakasogea karibu.

"Mgawa maji, unaona nini?" aliuliza jirani yake, Loth.

"Naona manyasi meusi."

Beatha akasema kwa upole, "Baba, hizo ni kope zako. Rudisha jicho nyuma kidogo, usilibane."

Ukumbi ukaangua kicheko. Haikuwa dharau, hata mimi ningecheka. Lakini Sifael alihisi uso unawaka. Kufundishwa na mtoto wa kike, mbele ya watu anaowagawia maji! Alichotakiwa kufanya ni kuinama tena tu. Ndugu zangu, kila nikifika hapa natamani ningekuwapo nimshike shingo nimwinamishe.

Aliinuka, akajifuta jicho. "Nimetazama. Hakuna kitu. Maji yale yaliwalea babu zetu." Watu wakampigia makofi. Beatha aliirudisha hadubini kwenye sanduku lake.

Tangu siku hiyo, habari ya hospitali ikawa mwiko nyumbani. Raheli alipoigusia, Sifael alimuuliza kama naye anataka kumwaibisha. Beatha alilalamikia mgongo, wakamchemshia mizizi. Alianza kutapika, wakasema ni vidonda vya tumbo. Msimu uliofuata wa msaragambo alianguka na karai lake la tope, uso umevimba, na hapo ndipo Sifael aliposahau jina lake na cheo chake, akambeba binti yake mgongoni mpaka barabara kuu.

Mjini Same walipokelewa hospitalini, wakapelekwa hospitali kubwa ya Moshi. Daktari aliwaeleza kwamba mayai ya kichocho yalikuwa yamekaa miaka mingi, yakaziba njia ya mkojo, na sasa figo zote mbili zimeharibika.

"Mngemleta mapema," alisema.

Beatha alikuwa macho jioni ile. Alimwona baba yake analia, akataka kumtuliza.

"Baba, hata mimi siku ya kwanza nilivunja kioo. Kila mtu hukosea."

"Ukitoka hapa utanifundisha, mwanangu."

"Nitakufundisha," Beatha alisema.

Hakutoka. Walimzika kando ya shamba la tangawizi, na Raheli hakumsemesha mumewe kwa muda mrefu sana, wala mimi simlaumu.

Baada ya matanga Sifael alikwenda shuleni peke yake, mkononi ana chupa yenye konokono. Madam Honorata alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Aliitikia kwa shida.

"Mwalimu, naomba unifundishe. Yeye aliniahidi."

Mwalimu alitayarisha tone, akarekebisha mwanga, akampisha kiti. Sifael aliinama. Zikaja zile kope nyeusi. Safari hii alirudisha jicho nyuma kidogo kama alivyoelekezwa, kope zikaondoka, na mahali pake pakawa na duara la mwanga. Ndani yake vile vidudu vya mkia wa panda vilikuwa vikihangaika, wazi kabisa.

Alikaa ameinama mpaka mwalimu akadhani amelala. Kisha akasema, "Vilikuwepo, Beatha. Vilikuwepo siku ile."

Baragumu la msaragambo uliofuata lilipolia, Sifael alisimama kwenye njia ya kwenda ndiva akarudisha watoto wote nyumbani. Watu wazima aliwaambia wavae mabuti, na kila mwenye kukojoa damu aende zahanati kabla ya kushika koleo. Loth alipoanza kubisha kuhusu babu zetu, Sifael alimwonyesha tu kwa kidole lile kaburi la kando ya tangawizi, na Loth akageuka kwenda kutafuta mabuti.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mkojo wa damu si ukubwa wala si urithi wa ukoo. Ni ugonjwa, na una dawa. Mtoto wako akikwambia anaumwa, mpeleke akapimwe, usipime kwanza heshima yako. Na akikuonyesha alichojifunza shuleni nawe hukukiona, usione haya kumwambia akuonyeshe tena. Sifael angekubali kuchekwa kidogo siku ile, leo Beatha angekuwa anamfundisha yeye mwenyewe.