Shimo la Sahr

Getini hapakuwa na geti tena, ni nguzo mbili tu zilizoliwa na kutu. Lakini Pa Tamba alisimama, akajivuta kando kama mtu anayefunguliwa njia, akasema, "Asante, kaka," ndipo akapita.

Sia, bintiye, alimgeukia Fayia, mchekecha changarawe wa hapo hapo aliyekuwa akiwatembeza.

"Anawasalimu walinzi wa kampuni ya almasi," Fayia akacheka. "Hao waliondoka mimi sijaota jino!"

Sia alikuwa amemleta baba yake kutoka Freetown auone tena mji wa almasi alikochimba ujana wake. Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Waliona nyumba za wakubwa zisizo na paa, na bwawa la kuogelea ambamo watu wamepanda mihogo. Sokoni wakala wali na kisamvu, mzee akiwatania wauzaji.

Jua la utosi liliwakuta nyuma ya karakana, kwenye shimo la zamani lililojaa maji. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, lakini hapo palinuka tope bichi, kama udongo uliofukuliwa dakika ile. Kisha Sia akasikia chekeche zikitikiswa majini. Shaa. Shaa. Shaa.

"Kumbe bado wanaosha changarawe hapa?"

"Nani aoshe?" Fayia alinong'ona. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Shimo hili lina mwenyewe, dada. Mchukue mzee turudi. Usimwite kwa jina, mwenye shimo asije akasikia."

Pa Tamba alikuwa ameshafika ukingoni. Mikono yake miwili ilikuwa imefumbata hewa, mmoja mbele ya mwingine.

"Baba, twende."

"Niliiachia, mwanangu."

"Uliachia nini?"

"Kamba. Ukuta ulipoanza kumomonyoka, kaka yangu Sahr alikuwa chini, akanivuta. Nikaona tutakwenda wote. Nikaachia. Watu niliwaambia imekatika."

Maisha yake yote Sia alikuwa ameambiwa kwamba baba yake mkubwa, ambaye mwili wake haukupatikana, aliuawa na kamba mbovu.

"Tamba!" Sauti ilitoka majini, tulivu, kama ya mtu anayeomba kusogezewa chumvi. "Tamba, vuta!"

Mzee akaingia majini na viatu vyake, magoti, kiuno, kifua, Sia akamrukia na kumshika shati, Fayia akamshika Sia huku akisoma kila aya aliyofundishwa utotoni, na wote wawili wakavuta, lakini yule mzee mwembamba alikuwa mzito kama gogo, na kila walipomrudisha hatua moja kuna kitu upande wa pili kilimrudisha mbili, bila pupa, bila hata kutikisa maji, mpaka ghafla kikaachia, wakaanguka chali ukingoni wote watatu.

Walimbeba hadi kwa Karamoko Braima, mwalimu wa Kurani aliyeishi nyuma ya msikiti. Karamoko aliandika aya ubaoni, akaziosha, akamnywesha lile kombe, akamsomea sikioni hadi adhana ya alasiri. Mzee alitetemeka, akatapika tope jekundu, akatulia.

"Ametoka?" Sia aliuliza.

"Kuna kilichotoka." Karamoko aliufuta ubao wake polepole, bila kumtazama. "Ila hakikushindana nami hata kidogo. Pepo huwa wanashindana nami kwanza, ndipo watoke."

Sia aliketi mkekani, akaushika mkono wa baba yake. Ulikuwa wa baridi. Mzee akafumbua macho, akamkagua uso taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayemkagua mwenyeji.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Ni mimi, Baba. Sia. Mwanao."

"Aa, kumbe Tamba alizaa," akasema, akatabasamu. "Kweli, mmefanana. Yeye mmemwacha wapi?"