Maganda ya Mayai Yaliyoendesha Mashine

Msichana mgeni alisimama mbele ya meza ya chipsi, Tandale, akiwa na ndoo tupu.

"Shikamoo mama. Naomba maganda ya mayai."

Mwanabaraka, mwenye meza, alishtuka, mwiko ukabaki hewani. Watu huomba chumvi, huomba kiberiti. Maganda ya mayai? Kwao, ganda humpi usiyemjua. Huenda akalipeleka kwa mganga.

"Marahaba. Ya nini, mwanangu?"

"Kutengenezea dizeli. Na mafuta uliyomaliza kukaangia, usimwage mtaroni. Naitwa Bupe, nasoma Chuo Kikuu."

Mume wa Mwanabaraka, Twaha, aliyekuwa na mashine ya kusaga hapo jirani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi maganda ya viazi yatatupa petroli."

Mwanabaraka hakucheka. Binti yule alikuwa na macho ya mtu mkweli. Akamwahidi: kila Ijumaa, ndoo ya maganda na dumu la mafuta.

Jumatano dizeli ilimwishia Twaha, na mahindi ya shughuli yalikuwa yanasubiri. Akalitazama dumu la mkewe. Si wamesema ni dizeli? Akamimina yote kwenye tangi.

Mashine ikakohoa. Ikatoa moshi wenye harufu ya chipsi. Ikanyamaza. Twaha akazungusha hendeli tena na tena, wapi. Ugali wa watoto wake ulitoka kwenye mashine ile.

Ijumaa Bupe alimkuta fundi Kasimiri ameifungua injini. Chujio lilikuwa limeziba kwa makombo ya viazi.

"Baba, mafuta uliyatia hivihivi, mabichi?"

"Mabichi wapi? Yamekaanga wiki nzima," alisema Twaha. Hata Kasimiri akacheka.

Bupe akaketi. "Mafuta ya kupikia ni mazito mno kwa injini. Tunayachuja, tunayachemsha mpaka maji yaishe. Maganda tunayachoma kwenye tanuri kali, yanakuwa chokaa. Tunachanganya mafuta na spiriti maalumu, na chokaa ile inaharakisha kazi. Sehemu nzito inazama chini, dizeli nyepesi inabaki juu. Hiyo tunaisafisha."

"Nitaipata wapi hiyo spiriti?"

"Usiitafute, baba. Ni sumu, inapofusha, na inashika moto upesi. Kazi hii ni ya maabara, si ya jikoni."

Wiki mbili baadaye Bupe alileta dumu la dizeli yake. Kasimiri, aliyekuwa amesafisha tangi na chujio, alichanganya sehemu moja ya dizeli hiyo na sehemu nne za dizeli ya kituoni, akazungusha hendeli. Mashine ikanguruma. Unga ukamwagika, mweupe. Twaha aliitazama ndoo ya maganda kama mtu aliyesalimiwa na jiwe.

Ijumaa iliyofuata wateja walijaa. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameadimika sokoni. Yaliyokuwa kwenye karai yalikuwa bado na rangi ya asali. Yangekaanga siku mbili zaidi. Dumu aliloahidiwa Bupe lilikuwa nusu tu.

"Mwambie wiki ijayo," Twaha alinong'ona. "Ataelewa."

"Nilisema Ijumaa."

Mwanabaraka aliwaomba radhi wateja, akazima jiko. Karai lilipopoa, aliyachuja mafuta kwa kitambaa safi, akajaza dumu mpaka shingoni.