Uso Kwenye Ukuta wa Ukumbi

Uso ulikuwa umerudi tena.

Ulikuwa kwenye baraza ya ukumbi wa jamii, mkubwa kuliko mtu, umechorwa kwa rangi nyeusi juu ya rangi ya maziwa iliyopakwa juzi tu. Paji la uso, macho, pua, masikio. Mdomo haukuwepo. Chini ya pua ukuta ulikuwa mtupu, na hapo ndipo kila aliyetazama aliposikia baridi.

Inspekta alisimama mbele yake, mikono mfukoni, akajikuta anasogea pembeni kidogo. Macho yakamfuata. Alijiambia ni uchovu tu, akarudi alipokuwa.

"Wanasema ni mzimu," Koplo alisema. "Ukimfuta, anarudi."

"Mzimu haununui rangi."

Koplo alicheka kwa adabu, lakini hakuugeuzia ukuta mgongo.

Mtaa mzima uliujua uso ule. Ulikuwa wa kijana waliyemwita Brashi, fundi wa kuandika mabango, aliyekutwa amekufa kwenye mfereji wa maji nyuma ya ukumbi mvua zilipoanza. Faili la polisi lilisema aliteleza. Tangu azikwe, kamati ya ukumbi ilikuwa ikiupaka ukuta rangi, na kila ukikauka uso ulirudi palepale, macho yakizidi kufanana na ya marehemu. Akina mama wakaacha kuleta watoto kwenye bembea za uani. Darasa la cherehani likahama. Ukumbi ule watu waliujenga wenyewe, wakibeba mawe kichwani Jumamosi baada ya Jumamosi, na sasa ulikuwa unakufa huku mlango wake uko wazi.

Mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu anayezungumza kana kwamba bado ana chaki mkononi, alifika mapema siku hiyo akamkuta dada yake Brashi amesimama mbele ya uso, kiganja kwenye shavu la mchoro, rangi mbichi vidoleni. Akapiga kelele, askari wa doria wakaja wakamchukua. Msichana huyo, msusi wa nywele mtaa wa pili, alikuwa mahabusu, na kesho yake angefikishwa mahakamani kwa kuharibu mali ya umma. Katibu alikuwa ameapa kwamba safari hii lazima mtu afungwe, iwe fundisho. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Inspekta hakuwa na haraka hiyo. Alipiga magoti akachungulia sakafu.

"Koplo, njoo. Unaona nini hapa?"

"Sioni kitu, afande."

"Ndicho ninachosema. Rangi ya mafuta, mchoro mkubwa namna hii, na sakafu haina hata tone."

Kesi za namna hii alikuwa amezishughulikia nyingi: madarasa, vyoo vya stendi, kuta za zahanati. Mharibifu humwaga. Hukanyaga alichomwaga, hufuta mikono kwenye nguzo, kisha hutupa kopo mtaroni na kwenda zake. Huyu alitandika kitu kwanza. Benchi la watoto lilikuwa limesogezwa mbali lisichafuke. Vumbi lilionyesha miguu ya benchi ilipokuwa kabla. Tangazo la chanjo, ambalo Koplo alikumbuka kuliona ukutani pale, lilikuwa limehamishiwa ukuta wa pili, limenyooka, limebanwa pini kila kona. Koplo alikuna kichwa akauliza ni mhuni gani huyo aliyelelewa vizuri hivyo.

Inspekta naye hakujua. Alirudi kituoni, akaagiza msichana aletwe.

Aliletwa peku, kitenge kimefungwa vibaya kwa haraka ya asubuhi. Hakuwa na umri mkubwa, lakini alikaa kitini kama mtu aliyezoea kungojeshwa ofisini.

"Ulimchora wewe?"

"Hapana."

"Rangi vidoleni?"

"Nilimgusa. Nikienda kazini napita pale. Nikimkuta, namsalimia. Wakishampaka rangi, nazunguka njia nyingine."

"Mbona hukumwambia Katibu hivyo?"

"Aliniuliza?"

Msichana akaanza kusema mwenyewe, taratibu, akitazama meza. Kaka yake alicheza kwenye mfereji ule tangu hajui kufunga vifungo. Alilijua kila jiwe la mle. Na jeraha lake lilikuwa kisogoni. Yeye ndiye aliyemwosha uso akaona damu kwenye mto aliolazwa kichwa. Alikuja kituoni kuuliza, akaambiwa aende akaomboleze. Akarudi tena, akaambiwa anasumbua watu kazini.

"Kufungwa nitafungwa," alisema. "Lakini nikiwa ndani, afande, nani atauliza habari zake?"

Inspekta alilitoa faili la Brashi kabatini. Lilikuwa jembamba la kutia aibu. Jeraha la kisogo lilikuwemo, limetajwa kwa mstari mmoja, na hakuna aliyejali kuuliza limetoka wapi.

Akatoka na Koplo kuzunguka mtaa. Walianza kwa muuza mkaa anayekaa jirani na ukumbi. Kijana alikufaje? "Aliteleza, mvua ilikuwa kubwa." Wakaenda kwa fundi viatu. "Aliteleza, mvua ilikuwa kubwa." Mama wa duka la dawa, huku akipanga chupa zilizokwisha kupangwa: aliteleza, mvua ilikuwa kubwa. Mzee mmoja mwenye nyumba mwisho kabisa wa mtaa, ambaye kutoka kwake hata paa la ukumbi halionekani, alijibu hivyohivyo kabla swali halijaisha.

Hakuna aliyesema labda. Hakuna aliyesema nilisikia. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kila aliyeyasema aliyasema akitazama chini. Inspekta alikuwa ameingia nyumba za wauaji bila kutetemeka, lakini mchana ule, jua linawaka na watu wanapika, aliogopa. Koplo naye utani ulimwishia.

Walirudi ukumbini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anafagia uani, kanga kiunoni. Mtaa ulimwita Mama Ukumbi, na alistahili: bembea aliziomba yeye, maua aliyapanda yeye, na mtu aliyethubutu kutema mate kwenye baraza ile aliipata habari yake. Aliwakaribisha kwa heshima. Inspekta aliomba kuona turubai ambalo kamati hutandika inapopaka rangi.

Mama alisimama kidogo na fagio lake. Kisha akavua kamba shingoni yenye ufunguo wa stoo. Ulikuwa ufunguo pekee. Katibu alikuwa amelalamikia jambo hilo mpaka akachoka. Turubai lilikuwa rafuni, limekunjwa kona kwa kona. Inspekta alilitandaza juani. Matone ya rangi ya maziwa yalikuwa yametapakaa kote, makavu. Katikati yalikuwepo meusi, na alipoligusa moja likamwachia alama kidoleni. Kamati haikuwahi kununua rangi nyeusi.

"Hili hutoka humu bila wewe kujua, mama?"

"Halitoki."

Inspekta alimwomba wakae, Koplo akafungua daftari. Mama aliketi kwenye benchi la watoto, mgongo kwa ukuta, magoti yamefika juu kwa ufupi wa benchi. Juu ya kichwa chake uso ulikuwa unawatazama wote.

"Msichana yuko ndani tangu asubuhi," Inspekta alisema. "Kesho ni mahakamani."

"Nilidhani mtamwachia."

"Hatujamwachia. Kwa nini unamchora, mama?"

Mama aliondoa uchafu usiokuwepo kwenye kanga yake.

"Ukuta ukiwa safi namwona kila mahali. Jikoni, kwenye ndoo ya maji, kila mahali. Nikija alfajiri nikamchora, basi yuko hapa. Nyumbani napata usingizi kidogo. Halafu kamati wanakuja, nami naungana nao kumfuta. Ningesema nini?"

"Mbona hana mdomo?"

"Siuwezi. Mkono unakataa. Akiwa na mdomo atasema."

"Atasema nini?"

"Alichokuwa akisema anakimbia." Sauti yake ilishuka. "'Mimi si mwizi.'"

Koplo aliacha kuandika.

Mama akasimulia. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha, naye alikuja kufunga madirisha ya ukumbi. Akamkuta Brashi barazani, kopo miguuni, amepiga mstari mmoja mrefu kwenye ukuta ambao yeye mama alikuwa ameupaka kwa mikono yake wiki ileile. Mchoro ungekuwa wa nini hajui mpaka leo. Alimfokea. Kijana akacheka, akamwambia subiri mama, utaupenda. Kucheka kule kukampandisha hasira. Akatazama mtaani, hakuna mtu, kila mlango umefungwa.

Na alijua vizuri kwamba akiita tu hawatatoka. Miaka yote alikuwa akipiga kelele: wanachafua ukuta, wamevunja bembea, wanatupa taka kisimani. Hakuna aliyewahi kufungua hata dirisha. Akapiga kelele ya pekee inayowatoa watu wale ndani.

"Niliita mwizi," alisema. "Nilitaka watoke tu, wamwone, apate aibu. Wallahi, aibu tu."

Wakatoka. Muuza mkaa, fundi viatu, mpaka mzee wa mwisho wa mtaa, na fimbo na mawe, hakuna aliyeuliza kaiba nini. Brashi akakimbilia nyuma kwenye mfereji. Mama alikimbia nyuma yao akisema acheni, si mwizi, anachora tu. Nani angemsikia? Kelele yake ya kwanza ilikuwa imeshawajaa masikioni. Baadaye kila mtu alirudi kwake kimyakimya akafunga mlango. Hakukuwa na kikao. Asubuhi maiti ilipoonekana, mtu mmoja alisema aliteleza, na wengine wote wakayashika maneno hayo.

Inspekta alidhani ameshasikia baya lote. Akauliza kwa sababu kazi inamtaka aulize.

"Nani alirusha jiwe lililompata kisogoni?"

"Mawe yalikuwa mengi."

"Mama."

"Mengi sana, afande."

"Yule msichana ameniuliza, akifungwa nani atauliza habari za kaka yake. Sikuwa na jibu. Wewe unalo?"

Mama alifunika uso kwa kanga. Inspekta alimwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi, kwa kuwa alijua hataacha kungoja jibu.

"Mwanangu," alisema ndani ya nguo. "Alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku. Akasikia sauti ya mama yake inaita mwizi. Angebaki kitandani? Alitoka peku, akaokota jiwe la kwanza aliloliona, akijua ananiokoa. Nilimwamsha mimi. Jiwe lile ni langu, afande. Andika ni langu."

Koplo alimtazama mkubwa wake. Inspekta alimwambia aandike kama alivyosikia, yote, na jina la mtoto pia.

Alimkinga mwanawe kwa kunyamaza, mwanamke huyo, na angeendelea kunyamaza hata kama msichana angehukumiwa. Alikiri mwenyewe njiani kwenda kituoni, bila kuulizwa.

Jioni alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake. Koplo alikuwa ameleta viatu vya msichana. Inspekta alimweleza kila kitu, bila kupunguza na bila kupamba: ule mstari ukutani, neno lililoitwa, watu waliotoka, jiwe. Alimwambia askari wamekwenda kumchukua aliyelirusha, na wengine watafuata mmoja mmoja. Alimwomba radhi kwa niaba ya kituo. Msichana alisikiliza amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mtoto wa Mama Ukumbi," alisema mwishowe. "Yule mrefu?"

"Ndiye."

"Alibeba jeneza, afande. Upande wa mbele. Alilia kaburini mpaka akashindwa kusimama, watu wakanishangaa mimi sijalia kama yeye." Aliinama akavaa kiatu cha pili, akainuka. "Nilimshika mkono. Nilimwambia asilie, si kosa lake."