Vespa ya Nyumba ya Eda

Siku ya mnada wa Katesh mtu mwoga hukaa nyumbani. Shamsia alikuwa mwoga, na bado alikuwa katikati ya mnada, akisukumwa na mbuzi, na wanawake wenye ndoo za vitunguu, na wafugaji warefu wenye mashuka mekundu na fimbo begani. Alivaa baibui jeusi lililokwisha kuwa kijivu kwa vumbi, na mtandio wa zambarau. Chini ya mtandio alikumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga.

"Dada!" Sauti ya kiume ilitoka chini. "Mtoto wako anavuja oili."

Aliruka. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya turubai katikati ya spea kuukuu, amevaa ovaroli ya bluu na ndani yake fulana nyeupe, nyeupe kweli, jambo ambalo Shamsia hakuwahi kuliona kwa fundi.

"Si mtoto," alisema.

"Najua. Hebu nimwone."

Kijana alifunua khanga, akapiga mluzi. "Kabureta ya vespa! Mara ya mwisho kuona kitu kama hiki, babu yangu alikuwa bado na meno."

Shamsia alicheka, kisha akaogopa kwa sababu amecheka. Akatazama nyuma. Baba yake mdogo, Mudathir, alikuwa na rafiki katika kila kona ya Katesh, na rafiki hao wote walikuwa na midomo.

"Ni ya marehemu baba," alinong'ona. "Mama anataka siku akitoka eda apande chombo cha mumewe, aende Mogitu alikozikwa. Nimeifungua mwenyewe. Sasa sijui kuifunga."

"Umeifungua kwa spana gani?"

"Kisu cha jikoni."

"Astaghafirullah!" Kijana alishika kichwa. "Ilete gereji, nyuma ya stendi. Uliza Idrisa."

"Baba mdogo hataki itoke."

"Basi nitakuja mimi."

"Usije!" Watu wawili waligeuka kumtazama, naye akashusha sauti mpaka ikakaribia kupotea. "Mama yuko ndani, anakaa eda. Kwetu mwanamume asiye ndugu havuki geti mpaka eda iishe."

Idrisa alikuna kidevu. "Simu unayo?"

"Ya batani."

"Inatosha. Mikono itakuwa yako na macho yatakuwa yako. Mimi nitakuwa mdomo tu."

Ndivyo vespa ile ilivyoanza kufufuka uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Kila alasiri, Mudathir akiwa dukani kwake akipima vitambaa, Shamsia alijifunga khanga juu ya gauni la kazi, akaweka simu juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafungua spika kidogo sana. Alisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Alisafisha plagi kwa mswaki. Kila geti lilipolia, hata kwa upepo wa mlimani, alifunika simu kwa khanga.

"Fundi wangu, upo?" Idrisa aliuliza.

"Nipo. Usiniite fundi wako."

"Nikuiteje? Mgonjwa wangu?"

"Mgonjwa ni vespa."

"Vespa inapona. Mimi ndiye hali yangu inazidi kuwa mbaya."

"Una nini?"

"Nalala nikisikia mtu akisugua kutu."

Shamsia alificha uso kwenye khanga, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila kuku.

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, mama yake aliita, "Shamsia! Unaongea na vespa?"

"Ndiyo, mama."

"Inakujibu?"

"Inajibu."

"Basi iambie isinicheleweshee chai."

Siku nyingine Idrisa alimfundisha kuchanganya oili kwenye petroli, kukanyaga breki na kubadili gia kwa kuzungusha mshiko wa kushoto, injini ikiwa imezima. "Siku ikiwaka usinipigie," alisema. "Nitaisikia mwenyewe kutoka stendi. Katesh nzima hakuna injini nyingine ya sauti ile. Nitakuja hadi getini, mpenzi, nisimame nje, nisikilize tu."

Neno lile, mpenzi, lilikuwa bado linaelea hewani Mudathir alipotokea. Hakupita getini. Alipita mlango wa jikoni, viatu mkononi, kanzu ikiwa safi, kofia ikiwa sawasawa kichwani.

Shamsia hakuweza hata kuzima simu. Baba mdogo aliiokota kutoka kwenye ndoo kama mtu anavyookota kinyesi cha kuku.

"Nani wewe?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Idrisa, ni fundi..."

"Sikukuuliza kazi. Huyu msichana ameposwa. Mchumba wake yuko Singida. Na yeye mwenyewe yuko hapa, anasikia. Muulize kama nasema uongo."

"Shamsia?" Sauti ya Idrisa ilikuwa ndogo sasa. "Ni kweli?"

Hakukuwa na mchumba Singida. Hakuna aliyekuja kuposa, si Singida wala kokote. Shamsia alifungua mdomo. Macho ya baba mdogo yalikuwa juu yake, na ulimi wake ukakauka, ukagandamana na kaakaa. Alisikia kuku akikwaruza chini. Alisikia Idrisa akipumua.

"Umesikia?" Mudathir alisema kwenye simu. "Mwali akinyamaza, amekubali. Hata wewe madrasa walikufundisha."

"Walinifundisha, mzee," Idrisa alisema. "Namtakia heri."

Simu ikaingia mfukoni mwa kanzu. Shamsia akaambiwa asitoke tena mpaka eda iishe, hata dukani asiende.

Siku zilizofuata alipika na kufua, masikio yakiwa getini. Jambo moja lilimuuma kuliko yote: Idrisa aliamini kile kimya. Angemwona msichana mwingine kwenye mnada mwingine, naye Shamsia angebaki na vidole vilivyochubuka. Simu hana. Getini hapiti.

Alimwambia mama yake habari yote, akilia kwenye ukingo wa kitanda. Mama, katika nguo zake nyeupe, bila wanja wala manukato, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi kutoka," alisema. "Wewe huwezi kutoka. Ile vespa je? Sauti yake nayo imezuiwa?"

Shamsia alimtazama. "Mama! Kelele ndani ya nyumba ya msiba?"

"Marehemu aliipenda kelele ile kuliko kaswida. Nenda."

Alifunga kabureta peke yake, bila mdomo wa kumwelekeza, akakaza kila nati mpaka mkono ukauma. Sala ya adhuhuri ilipokwisha, watu wakiwa wanatoka msikitini, alipanda juu ya vespa na kupiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena huku akiomba iwake na akiomba isiwake.

Ikawaka.

Moshi mweupe ulijaa uani. Sauti ilianza nzuri, kama cherehani, Shamsia akatabasamu. Kisha ikapanda. Ikapanda tena. Aliachia mkono wa mafuta, nayo ikazidi kupanda, ikawa mlio mmoja mkali usiopumua. Kuku waliruka ukuta. Vespa ilitetemeka juu ya stendi yake na kuanza kusogea yenyewe, kidogo kidogo, ikielekea ukuta wa chumba cha mama. Shamsia alibonyeza swichi. Haikusikia. Harufu ya chuma kinachoungua ilimpanda puani.

"Mama! Haizimi! Mama!"

Nje ya geti watu walikwisha kujaa. Mtu alipiga bati la geti kwa viganja.

"Shamsia! Ni mimi!"

"Idrisa! Inataka kupasuka!"

"Inavuta hewa! Usiguse plagi, itakupiga!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Nisikilize mimi. Kaa juu yake!"

"Naogopa!"

"Ogopa ukiwa umekaa! Kanyaga breki, kwa nguvu zako zote!"

"Ingia uizime wewe!"

"Mama yako yuko eda. Nikivuka geti hili leo, sitavuka tena kwa heshima. Unaweza, fundi. Klachi! Shika klachi! Zungusha gia mpaka ya mwisho!"

Alikaa. Chombo kilimtikisa mpaka meno yakagongana. Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Alishika klachi, akazungusha gia, akihesabu mibofyo kama alivyofundishwa.

"Tayari!"

"Achia klachi! Ghafla!"

Akaachia. Vespa iliruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa chapa, ikagonga ndoo, ikajikwamisha, ikafa.

Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alisikia mafuta yakidondoka.

Geti lilifunguliwa. Ni Mudathir, ametoka msikitini mbio, na nyuma yake mtaa mzima. Idrisa alibaki nje ya kizingiti, fulana yake nyeupe imelowa jasho, vidole vya miguu vikikaribia mstari wa geti lakini visiuguse.

"Nani huyu anayemwita binti yangu mbele za watu?" Mudathir aliuliza. Hakumtazama Idrisa. Alimtazama Shamsia, kwa macho yale yale.

Shamsia alikuwa na masizi usoni, mtandio umeanguka mabegani. Alishika usukani.

"Baba mdogo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaanza tena. "Baba mdogo, Singida hakuna mtu."

"Ulinyamaza. Mwali akinyamaza..."

"Nilinyamaza kwa kukuogopa wewe. Hata sasa nakuogopa." Machozi yalichora mistari kwenye masizi. "Lakini kimya changu si ndiyo. Nikikubali, nitasema kwa mdomo wangu, na watu wasikie."

Mzee mmoja nyuma akakohoa. Mudathir alitazama watu aliotoka kuswali nao, nao wote walikuwa wakimtazama yeye. Alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi sema," Idrisa alisema polepole kutoka nje. "Maana na mimi nilikuwa mjinga, nilikihesabu kile kimya kuwa ndiyo."

"Idrisa wa gereji," Shamsia alisema, "huyo nimemkubali."

Mwanamke mmoja barabarani alipiga kigelegele, akakumbuka eda, akakimeza katikati. Watu wakacheka kwa kuziba midomo.

Ndipo pazia la chumbani likatikisika. "Shemeji Mudathir!"

"Naam, shemeji."

"Ijumaa natoka ndani. Wazee wa huyo kijana waje Jumamosi, wapite getini, na wewe ndiye utakayewapokea. Na simu ya mwanangu naiomba."

Mudathir aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu. Aliiweka simu juu ya kiti cha vespa, akaondoka akipasua umati, naye Idrisa akampisha na kumwamkia. Mudathir alijibu "marahaba" kwa shida, lakini alijibu.

Shamsia alibaki ameshika usukani.

"Fundi," Idrisa aliita kutoka kizingitini.

"Nini?"

"Ilivuta hewa kwa sababu kabureta umeifunga bila pakingi."

Alifuta uso kwa khanga, akaharibu zaidi. "Basi niletee Jumamosi," alisema, "ukija na wazee."