Kijibati cha Zinovi

Ustinya ndiye aliyegundua. Mshipi wake wa kuvulia, uliokuwa umesimama wima ndani ya tundu walilotoboa kwenye barafu ya ziwa tangu asubuhi, ulianza kulala upande. Akaupandisha kidogo, akaushusha. Chambo chake cha bati kilikuwa kinaburutwa kwenye tope kule chini.

"Shemeji, ziwa linatembea!"

"Ziwa litembee liende wapi? Tunatembea sisi," alijibu Zinovi, kaka wa marehemu mumewe, na hapo hapo uso ukambadilika.

Sisi watu wa ziwa Peipsi ndivyo tulivyo: samaki wakila, nani atazame upepo! Walikimbia kuelekea kijijini wakakuta ufa mpana kuliko barabara, maji meusi tupu. Upepo wa magharibi ulikuwa umekata kipande cha barafu na kuwasukuma katikati ya ziwa. Ukingo ulimegeka miguuni pa Ustinya. Aliruka nyuma akapona, lakini fimbo yake ya kuvulia ikaenda na maji.

Walikaa juu ya sanduku la Zinovi la vifaa vya kuvulia, wakagawana mkate wa vitunguu. Mchana upepo uligeuka na ukungu ukashuka. Sasa walikuwa wanarudishwa, ila wapi, hawakuona. Kingo za barafu zilikuwa zinavunjika. Wakifika kwenye fungu la mchanga karibu na ufuko, wangeruka kwenye maji ya kina kifupi. Wakilipita bila kujua, barafu ingewapasukia miguuni.

"Pima kwa chambo chako," Ustinya alisema. "Tope ni kilindi, mchanga ni nyumbani."

"Sipimi."

"Jamani! Kijiji kizima kinajua unakificha hicho kibati ndani ya glavu. Samaki wote wako, sisi tunarudi na ndoo tupu. Sasa nife kwa ajili ya siri ya bati?"

"Nimesema sipimi!"

Ustinya alishikwa na hasira, akaivuta ile glavu. Kikaanguka kipande cha kopo la dagaa, kimekunjwa, kina ndoana yenye kutu. Cha ovyo kabisa. Akainua kichwa amcheke, ndipo akauona mkono wenyewe. Ulikuwa unatetemeka, na si kwa baridi.

"Tangu tulipovuna vitunguu," Zinovi alisema chini chini. "Nikishusha mshipi sijui nimegusa nini. Mwanangu Yefim akijua, ataniketisha jikoni na paka."

"Na hao samaki je?"

"Wanapenda mtetemo. Mimi sifanyi kitu, shemeji. Nashika tu."

Ustinya alicheka mpaka machozi yakamgandia kwenye kope, na huku roho inamuuma. Akatoboa tundu, akakishusha kile kijibati, akafumba macho. Tope, laini, linang'ang'ania. Akapandisha, akashusha. Tope tena. Mshipi ulizidi kuwa mfupi. Kisha kijibati kikagonga: tik. Kikaruka. Tik.

"Mchanga! Inuka, mzee, inuka!"

Barafu ilikwama kwa kishindo. Waliruka, Zinovi akazama mpaka mapajani, Ustinya akamvuta kwa kamba ya sanduku huku akimtukana. Ndani ya ukungu zikasikika sauti. Yefim na wanaume wa kijiji walikuwa wanakuja na mashua, wanaikokota juu ya barafu ya ufukoni.

Yefim alimfunika baba yake kwa koti la manyoya, kisha akaona mshipi mkononi mwa Ustinya.

"Mama mdogo, umekiona kibati chake! Siri yake nini?"

Zinovi akainamisha kichwa. Ustinya alimvisha glavu yake, akaushikilia ule mkono mpaka ukatulia.

"Nimeona wapi? Baba yako mchoyo," alisema. "Mwakani nakaa naye tundu kwa tundu, nimvizie."