Upande wa Abiria

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa springi na shokapu. Mimi nashona viti vya magari, na chumba changu cha kazi kimepakana na gereji yake. Ukuta wenyewe ni mabati tu. Yeye akipiga chafya, mimi ndiye ninayemwombea afya. Haya ninayosimulia, mengine aliniambia kwa kinywa chake. Mengine niliyaona mwenyewe mchana kweupe.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote. Daktari wa meno, mteja wetu wa muda mrefu, alileta gari lake la michezo: dogo, la viti viwili, halina paa, pua ndefu na taa za duara. Liliundwa miaka ya karibuni, ila umbo lake ni la kizamani. Kulitazama ilikuwa raha, kuliendesha balaa. Kwenye kona lililala ubavu, kwenye matuta likadunda kama kitanda kibovu. Daktari alituambia mkewe ameapa hapandi tena mpaka litengenezwe, na yeye hajui kama ashukuru au alie. Tukacheka.

Shemeji alilifanyia kazi kwa mapenzi. Aliweka springi fupi na ngumu, akafunga shokapu mpya, akabadilisha bushi, zile raba za kwenye viungo, zote zilizolegea. Chini akaweka fimbo nene ya chuma inayounganisha magurudumu ya pande mbili, ili gari lisilale kwenye kona. Rangi alipaka rafiki yake wa tangu ujana, ambaye waliitana pacha na sisi tulimwita Brashi ingawa maisha yake yote alitumia bomba la rangi. Brashi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwoga wa mwendo kasi. Tulikuwa tukimtania kwamba hata kwenye baiskeli anafumba macho.

Alasiri moja, kazi ilipokwisha, wakatoka wawili kwenda kulijaribu barabara ya machimbo. Akarudi mmoja.

Shemeji alisema Brashi aliomba ashike usukani kidogo, kona ikamshinda, gari likagonga jabali, wote wakarushwa nje. Brashi alikuwa ameangukia kichwa. Shahidi hakuwepo, na polisi wakayapokea maelezo kama yalivyo. Tukazika. Watu wakanong'ona kwamba marehemu alijitakia, gari la watu unaliomba la nini kama hujui kuendesha. Mjane wake akayasikia yote hayo akiwa ameinamisha kichwa.

Daktari alikuwa muungwana, hakudai kitu. Alisema tu gari linyooshwe, ataliuza. Ndipo mambo yalipoanza.

Shemeji alilinyoosha, akapima fremu, ikawa sawa. Lakini aliposhusha jeki, gari liliinama upande wa abiria. Akadhani springi imechoka. Akazibadilisha nafasi, ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia. Hitilafu ya springi huhama na springi. Hii haikuhama. Upande wa abiria ulibaki chini.

Akaweka springi mpya kabisa. Asubuhi likawa limenyooka kama meza. Mchana likainama tena.

Mwishowe akaazima mizani ya magurudumu, ile inayowekwa chini ya kila tairi. Niliitwa nimsaidie kusukuma. Alisoma namba, akajumlisha kichwani, akasoma tena. Gari tupu lilikuwa na uzito uliozidi, na uzito wote uliozidi ulikuwa umekaa upande mmoja.

Nikamuuliza umezidi kiasi gani.

"Mtu mzima," akanong'ona. "Mwembamba."

Tangu siku ile shemeji hakuwa mtu tena. Dada aliniambia kwamba mumewe anakula akitazama ukuta, na akiitwa anashtuka kama mwizi. Nilimsihi alirudishe gari hivyo hivyo. Akasema hawezi, litakwenda kumsema huko liendako. Sikumwelewa.

Jumamosi moja, jua la saa sita likiwaka, mjane wa Brashi akaja gereji. Nilikuwa mlangoni, nikamkaribisha. Alikuwa amevaa kanga zake za eda na viatu vya mumewe, vikubwa kuliko miguu yake. Shemeji alipomwona akafuta mikono kwa tambara, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

Mama yule hakutaka kukaa. Alisema moyo wake hautulii. Alisema watoto wanachekwa shuleni kwa sababu ya baba yao, na yeye mwenyewe anaona haya kupita mbele ya gereji.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "nimekuja kukuomba umsamehe mume wangu. Nusura akuue."

Gari likashuka.

Nililiona. Hakuna aliyeligusa. Upande wa abiria ulididimia taratibu, springi ikalia, shokapu ikapumua. Kama mtu anavyoketi.

Mjane akageuka. Akalitazama gari, akatutazama sisi. Akalizunguka pole pole mpaka mlango wa abiria, akasimama hapo, mkono kifuani.

"Mbona amekaa upande huu?"

Hakuuliza ni nani.

Shemeji alipiga magoti palepale, kwenye sakafu yenye mafuta. Akasema yote. Usukani ulikuwa mikononi mwake. Gari lilishika barabara vizuri mno, kila kona ikawa tamu kuliko ile iliyotangulia, akasahau kwamba mwendo ni mwendo. Baada ya ajali alimkuta rafiki yake hapumui, na hofu ikamwekea uongo mdomoni. Akautamka mara moja, halafu hakupata tena njia ya kuurudisha.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Alisema nini, mara ya mwisho?"

"Hakusema kitu," shemeji akajibu.

Mama akaondoka, viatu vikimpwaya. Gari likabaki limeinama.

Shemeji akaniomba nimpeleke polisi. Tukapanda gari langu, yeye akakaa mbele pembeni yangu. Hatujafika mbali, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na ile kengele ya mkanda, ambayo hunyamaza mtu akijifunga au akishuka, ikaanza kulia. Nikautazama mkanda wangu. Nikautazama wake. Tulikuwa tumefunga wote.

Taa ilikuwa ya kiti cha nyuma.

Nilisimama, nikageuka. Kiti kitupu. Hakuna mkoba, hakuna mzigo. Kengele ikaendelea. Shemeji alikuwa akilia bila sauti, macho mbele.

"Nimemdanganya tena," akasema. "Alisema. Alisema niteremshe, pacha, nitarudi kwa miguu. Alisema zaidi ya mara moja. Mimi nilicheka, nikaongeza mwendo."

Nikageuza gari bila kumuuliza.

Tulimkuta mjane akianua nguo mbele ya nyumba yake. Kengele ilikuwa bado inalia, milango yetu ikiwa wazi. Shemeji akamwambia lile neno la mwisho, kichwa chini, kama mtoto aliyefumaniwa. Mama akaweka nguo kwenye beseni. Akaja mpaka kwenye gari langu, akaufungua mlango wa nyuma, akaushikilia.

"Shuka, baba watoto," akasema. "Umefika."

Kengele ikanyamaza.

Taa ikazimika. Upepo ukapita kwenye kamba ya nguo. Mama akasimama kidogo, kisha akaufunga mlango kwa upole, akaingia ndani na beseni lake. Mimi na shemeji tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akivuta pumzi ikashuka mpaka tumboni.

Polisi walimpokea. Baadaye alifungwa, na dada humpelekea nguo safi. Watoto wa Brashi hawachekwi tena, na gari la daktari lilinyooka siku ileile, aliyelinunua hajalalamika.

Lakini jioni hiyo, nilipomwacha shemeji kituoni na kurudi kwenye gari langu, niliona raha kwamba taa imezimika. Niliwasha injini. Nikatazama nyuma ili nitoke kwenye maegesho.

Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa.

Ulikuwa umevutwa mbele, umekaza, na kati yake na kiti palikuwa na nafasi ya kifua cha mtu mwembamba.