Hodi ya Siku ya Tisa

Siku ya tisa baada ya tarehe aliyopewa ya kujifungua, fundi cherehani alinusa udongo mbichi chumbani mwake, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Hakujali. Alikuwa amewachoka watu wote. Mama mkwe alimlisha tende hadi akazichukia. Mkunga alimwambia atembee, apande ngazi taratibu, asinywe dawa asiyoijua. Mume alimwambia atulie, kana kwamba miguu iliyovimba ilikuwa yake yeye.

"Wifi, huyo hatoki," dada wa mume alimtania kutoka jikoni. "Amekwisha jenga humo, bado kupaka rangi."

"Basi njoo umbebe wewe."

Akapiga magoti kusugua sakafu, maana hiyo nayo walisema hufungua nyonga. Ndipo sauti nyembamba, ya karibu mno, iliposema, "Hodi."

Alidhani ni mtoto, na hasira za siku tisa zikamtoka. "Karibu. Umechelewa mno."

Kitu baridi kikampita kifuani, kikashuka, kikatulia. Uchungu ukaanza papo hapo.

Mkunga alipofika aliweka pembe yake ya kusikilizia tumboni, akaihamisha, akairudisha. "Kuna mapigo ya mioyo miwili," alinong'ona. "Umefanya nini?"

Fundi akamweleza.

"Aliye ndani hapigi hodi, mwanangu. Hodi hupigwa na aliye nje."

Saa nzima mtoto hakushuka. Tumbo lilivimba kushoto, kisha kulia, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja, na harufu ya udongo ikazidi hadi wifi akaenda kufungua dirisha, akakuta lilikuwa wazi tangu asubuhi.

"Jina la mtoto umelichagua?" mkunga aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwite kwalo. Huyo mgeni hatalijua, atabaki akishangaa, naye mtoto atapita."

Fundi alikuwa amelificha jina hilo hata kwa mumewe. Lilikuwa la mama yake mzazi, waliyemzika mwaka uliopita. Akaliita.

Mtoto wa kike akateleza mikononi mwa mkunga, akalia, mzima kabisa. Wifi akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

Kisha, kutoka tumboni mwa fundi, sauti ya mtu mzima ikaitika kwa upole:

"Abee."